Uwakili wa Mgeni: Kipi Hukabidhiwa na Kipi Hubaki

Mtu aliyeitwa mbele ya jaji wa uhamiaji nchini Marekani anaruhusiwa kuja na wakili, ila serikali haimlipii. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 292 cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya mwaka 1952: kuwakilishwa ni ruhusa, mradi gharama isiwe ya serikali. Mshtakiwa wa jinai yuko pazuri zaidi. Tangu hukumu ya Gideon dhidi ya Wainwright ya mwaka 1963, anayekabiliwa na shtaka zito la jinai hupewa wakili hata kama hana senti mfukoni. Chanzo cha tofauti hiyo ni hukumu ya zamani zaidi, ya Fong Yue Ting mwaka 1893, ambamo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema kwamba kumwondoa mgeni nchini si adhabu. Kwa kuwa si adhabu, kesi yenyewe si ya jinai. Kwa kuwa si ya jinai, wakili wa bure hakuna. Mantiki imenyooka vizuri kwenye karatasi. Aliyekimbia Bujumbura usiku, na sasa anaambiwa huenda akarudishwa huko huko, atashangaa kusikia kwamba hilo si adhabu.

Upande wa serikali haukosi mwanasheria wake. Jaji mwenyewe ni mtumishi wa Wizara ya Sheria, hayumo katika mhimili wa mahakama unaojitegemea. Mzigo wote wa kutafuta wakili, kumpima, kumlipa na kumwamini unamwangukia mtu anayeijua nchi kidogo kuliko wote: hajui lugha, hajui nani ni nani, na ana saa inayokwenda. Maombi ya hifadhi yanatakiwa kufikishwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuwasili, isipokuwa kwa sababu chache zinazotajwa na sheria.

Jambo hili huandikwa mara nyingi kama orodha ya mawaidha ya kimatumizi: linganisha bei, uliza uzoefu, omba risiti. Mawaidha hayo ni ya kweli na hayana budi kutajwa. Lakini chini yake lipo swali la zamani ambalo wanafalsafa na wanazuoni walilihangaikia kabla Marekani haijakuwapo. Mtu anapomweka mwingine aseme kwa niaba yake, anakabidhi nini hasa? Na je, jambo ambalo yeye peke yake aliliona na kulipitia linaweza kusemwa na mdomo mwingine likabaki kuwa kweli yake?

Katika Biblia na katika Kurani, mfano wa kwanza wa mtu kuomba msemaji ni Musa. Alikuwa na uzito wa ulimi, na katika Kurani anaomba ndugu yake Haruni afuatane naye kwa Farao kwa kuwa alikuwa fasaha zaidi. Mungu hakumjibu kwamba mwenye haki hahitaji msemaji, alimpa msemaji. Kwa masimulizi hayo, haki na ufasaha ni vitu viwili, na aliyepewa kimoja huenda akakosa kingine. Ndiyo hoja ya msingi ya kuwapo kwa mawakili, na hadi leo haijapatikana iliyo bora.

Wagiriki waliliona upande wa pili. Katika Athens ya karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, mwenye kesi alitakiwa kusimama na kujisemea mwenyewe. Asiyejua kupanga maneno alimlipa mwandishi wa hotuba, akaikariri, akaenda kuitoa kana kwamba ni yake. Hodari wa kazi hiyo alikuwa Lysias, ambaye yeye mwenyewe hakuwa raia. Baba yake alitoka Siracusa, na familia iliishi Athens kama wageni wakaazi, watu waliolipa kodi na kupigana vita vya mji bila kupiga kura. Sifa yake kubwa ilikuwa kumwandikia kila mteja hotuba yenye sauti ya mteja huyo: mkulima alisikika mkulima, mzee alisikika mzee. Hapo ndipo penye utata. Msikilizaji aliamini anamsikia mtu mnyoofu akijieleza, kumbe unyoofu wenyewe ulikuwa umeagizwa kwa fundi. Mwandishi wa kale Diogenes Laertius anasimulia kwamba Lysias alimwandikia hata Socrates hotuba ya utetezi, naye Socrates akaisifu kuwa nzuri kisha akaikataa kwa kuwa haikumfaa. Mwaka 399 kabla ya Kristo akaenda na maneno yake mwenyewe, akahukumiwa kufa. Wapo wanaouchukua mkasa huo kama ushindi wa ukweli juu ya ufundi. Aliye na watoto nyumbani na tarehe ya kesi ukutani anaruhusiwa kuusoma vingine.

Kitabu cha Matendo ya Mitume nacho kinaonyesha chumba cha mahakama chenye sura hizo hizo. Washitaki wa Paulo walikuja kwa liwali Feliki na msemaji wa kukodi aitwaye Tertulo, aliyeanza kwa kumsifu liwali kabla hajagusa kesi. Paulo hakuwa na wakili, alijibu mwenyewe. Lakini Paulo alikuwa msomi, alijua Kigiriki, na alikuwa raia wa Roma, ndiyo maana baadaye aliweza kukata rufaa kwa Kaisari. Kumtoa yeye kuwa mfano kwamba mwenye haki hahitaji msaada ni kusahau alikuwa na silaha ngapi ambazo mkimbizi wa kawaida hana.

Walioligawa swali hili kwa makini zaidi ni mafakihi wa Kiislamu, katika mlango wa wakala, yaani sheria za kumwakilisha mtu. Abu Hanifa aliona kwamba mtu hawezi kumlazimisha mpinzani wake akabiliane na wakili. Mpinzani ana haki ya kutaka kumwona mwenye kesi mwenyewe, isipokuwa huyo ni mgonjwa au yuko safarini. Hofu yake ilikuwa dhahiri: mtu akijificha nyuma ya msemaji hodari, haki ya mwingine hupotea. Wanafunzi wake Abu Yusuf na Muhammad hawakukubaliana naye, na madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, nayo yaliruhusu uwakili wa kesi bila kusubiri ridhaa ya mpinzani. Ushahidi mmoja uliotumiwa ni mwenendo wa Ali bin Abi Talib, ambaye inasimuliwa hakupenda kuhudhuria mabishano ya kesi. Alimweka nduguye Aqil, na Aqil alipozeeka akamweka Abdullah, mtoto wa ndugu yao Jaafar. Ali hakuwa dhaifu wa ulimi hata kidogo. Alijua tu kwamba ugomvi una mitego yake.

Muhimu zaidi kuliko ruhusa hiyo ni mipaka yake. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kilichosomeshwa vizazi na vizazi katika darasa za pwani, yako mambo ambayo wakala hauyaingii. Kiapo hakiwakilishwi. Ushahidi hauwakilishwi. Na kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu hayo, hata kukiri hakuwakilishwi: wakili hawezi kusema "mteja wangu amekubali" likamfunga mteja. Kwa maneno mepesi, hoja hukabidhiwa, lakini aliyoyaona mtu na kuyaapia hubaki kuwa yake. Mgawanyo huo unafafanua kazi ya wakili wa uhamiaji kuliko vitabu vingi vya maadili ya sheria vilivyoandikwa baadaye.

Itazamwe kesi ya hifadhi ilivyo hasa. Kiini chake ni maelezo ya kiapo ya mwombaji: nani alimtesa, lini, wapi, kwa sababu gani, na kwa nini hawezi kurudi. Mara nyingi hakuna shahidi mwingine, wala hati iliyovuka mpaka. Kisha kuna sheria iliyopitishwa mwaka 2005, inayomruhusu jaji kukataa kumwamini mwombaji kwa sababu ya kutopatana kwa maelezo, hata kama kutopatana huko hakugusi kiini cha madai. Tarehe iliyokosewa katika jambo dogo yaweza kuzamisha jambo kubwa.

Mwombaji anayesema Kiswahili huingia katika mtego huu kwa njia ambazo jaji hawezi kuzikisia. Anaeleza kwamba askari walivunja mlango saa mbili usiku. Mkalimani asiye makini anaandika saa mbili kwa hesabu ya Kizungu, yaani usiku wa manane umepita. Katika mahojiano mengine mkalimani mwingine anasahihisha, na sasa faili lina nyakati mbili tofauti kwa tukio moja. Fomu inauliza ndugu. Mwombaji anawataja watatu, kisha mbele ya jaji anamlilia "kaka" aliyeuawa ambaye hayumo katika fomu, kwa kuwa ni mtoto wa baba mkubwa. Hajadanganya hata neno moja. Amesema kama watu wa kwao wanavyosema. Wakili mzuri hukaa naye, humrudisha kwenye tukio lile lile kwa njia tofauti, humuuliza jua lilikuwa limetua au la, watoto walikuwa wamekula au bado, huyo kaka walinyonya ziwa moja au la. Hatungi chochote. Anafukua kilichopo na kukipanga ili mtu asiyejua Uvira wala Kigoma aweze kukielewa.

Mpaka kati ya kupanga na kutunga ni mwembamba, na hauhitaji falsafa ya mbali kuonekana. "Wakati huo mvua zilikuwa zimeanza?" ni swali linalosaidia kumbukumbu. "Tuseme walikuwa askari wa serikali, ndiyo?" ni swali linaloleta kumbukumbu mpya. Lysias angefanya yote mawili bila kusita. Fikihi ya wakala inaruhusu la kwanza na kukataza la pili, kwa sababu la pili limegusa ushahidi, na ushahidi haukuwa katika vitu vilivyokabidhiwa.

Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ummu Salama inalitia jambo hili uzito. Mtume anaeleza kwamba yeye ni binadamu, huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja wa wagomvi akawa fasaha kuliko mwenzake. Aliyepewa haki isiyo yake kwa ufasaha huo amekatiwa kipande cha moto. Kurani nayo, katika Sura ya An-Nisaa, inamkataza Mtume kuwa mtetezi wa wahaini. Hukumu ya hakimu haigeuzi uongo kuwa kweli. Inageuza tu nani atatembea na karatasi.

Hapa hapaepukiki kuzungumzia hadithi za kununua. Katika jamii nyingi za wahamiaji wapo watu wanaouza mikasa iliyokwisha kushinda: mateso yaliyompata mwingine, kijiji kilichochomwa, jina la chama cha siasa. Muuzaji huwaambia wateja kwamba ukweli wao hautoshi. Suala la kimaadili si jepesi kama maofisa wanavyolichukulia. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba haifai kusema uongo hata kwa muuaji anayegonga mlango kumuulizia mtu aliyejificha ndani. Mwanazuoni wa Kiislamu Ghazali, karne saba kabla yake, alishika njia nyingine katika kitabu chake Ihya: maneno ni chombo cha kufikia lengo, na ikiwa damu ya asiye na hatia haiokoki ila kwa uongo, basi uongo huo huwa wajibu. Wasomaji wengi, Waislamu kwa Wakristo, humwelewa Ghazali haraka kuliko Kant.

Lakini ruhusa ya Ghazali haimfikii mnunuzi wa hadithi, na ni vizuri kuona kwa nini. Anayegonga mlango katika mfano ule ni mdhalimu asiye na haki ya kujua. Jaji wa hifadhi, hata awe mkali namna gani, ameulizwa swali halali: huyu anahitaji kulindwa au la? Tena Ghazali anaweka sharti kwamba pasiwe na njia nyingine, na mara nyingi njia nyingine ipo. Mtu mwenye mkasa wa kweli usio na mbwembwe huuficha na kushika wa bandia unaovuma, kisha anaanguka kwenye swali la kwanza la jiografia. Sheria ya Marekani inaongeza adhabu yake: anayethibitika kuwasilisha ombi la hifadhi la uongo kwa makusudi, baada ya kuonywa, hufungiwa manufaa ya uhamiaji maisha yake yote. Na mzigo hauishii kwake. Jaji aliyesikia mkasa ule ule mara nyingi huanza kumshuku hata yule uliyempata kweli.

Wakili anayejua kwamba maelezo ni ya uongo hana ruhusa ya kuyawasilisha. Kanuni za mwenendo wa kazi hiyo zinamkataza, na akigundua baadaye zinamtaka achukue hatua ya kurekebisha. Wakati huo huo zinamfunga kutunza siri za mteja. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa yake ya karne ya 13, aliligusa fundo hilo hilo. Anayetetea dhuluma huku akijua anatenda dhambi, tena anadaiwa kufidia hasara. Akigundua katikati ya kesi kwamba mteja wake hana haki, asimsaliti kwa kuzipeleka siri zake upande wa pili. Ajitoe, au amshawishi mteja aachane na dai lake. Miaka zaidi ya 700 imepita na mawakili bado wanazunguka hapo hapo.

Kumpata wakili, basi, ni kumpata mtu atakayejua mpaka huo na kuweza kuulinda. Kurani ina kisa kinachofaa hapa kuliko vyote, nacho ni cha Musa yule yule, safari hii akiwa mkimbizi Madyan. Binti wa mzee wa huko anamshauri baba yake amwajiri, akisema kwamba mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Mwanazuoni Ibn Taymiyya aliujenga uchambuzi wake wa madaraka juu ya sifa hizo mbili, akilalamika kwamba ni nadra kuzikuta pamoja. Kwa wakili wa uhamiaji, nguvu ni kuijua sheria na kuwa na kibali cha kuitumia. Uaminifu ni kutomla mteja wala kumtelekeza. Jamii za Waswahili ughaibuni huwa hodari kupima sifa ya pili na dhaifu katika ya kwanza. Mtu anapendekezwa kwa kuwa ni wa msikiti wetu, ni mtoto wa mchungaji, alimsaidia shangazi kujaza fomu. Huenda ni mwaminifu kweli, na bado akaiua kesi kwa kutojua tarehe ya mwisho.

Nguvu inakaguliwa. Wanaoruhusiwa kumwakilisha mtu katika mambo ya uhamiaji Marekani kwa kazi ya kulipwa ni wa aina mbili: mawakili wenye leseni ya jimbo lolote, kwa kuwa sheria ya uhamiaji ni ya shirikisho, na wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria wanaofanya kazi chini ya mashirika yasiyo ya faida yanayotambuliwa na wizara hiyo. Leseni ya wakili huthibitishwa kwenye daftari la chama au mahakama ya jimbo, na kila jimbo lina daftari la namna hiyo. Wizara huchapisha orodha ya wawakilishi walioidhinishwa, orodha ya waliochukuliwa hatua za nidhamu, na orodha ya watoao msaada wa bure ambayo hutolewa mahakamani. Wakili anayeingia katika kesi hutia saini fomu ya kujitambulisha kuwa mwakilishi. Anayejaza kila kitu kisha anakataa kuweka jina lake popote amekwisha kujieleza.

Walio nje ya aina hizo mbili ndio ambao Tanzania wangeitwa vishoka. Huko Marekani wanajulikana zaidi kwa mtego wa cheo cha mthibitishaji wa saini. Katika nchi za Amerika ya Kusini cheo kinachofanana kwa jina hushikwa na mwanasheria mkubwa, na Walatino wengi wameponzwa nacho. Waswahili wana sababu yao wenyewe ya kuponzeka. Tanzania na Kenya, mwenye muhuri wa mthibitishaji kwa kawaida ni wakili, na kibao chake nje ya ofisi hutaja vyeo vyote viwili kwa pamoja. Marekani, muhuri huo anaweza kuwa nao karani wa benki au mwenye duka la kutuma fedha. Unashuhudia saini na hautoi ruhusa ya kutoa ushauri wa sheria. Kikulacho ki nguoni mwako: mara nyingi kishoka huyu anasema lugha ya mteja na anawajua ndugu zake, ndiyo maana hashtakiwi.

Malipo yamewasumbua wanamaadili tangu zamani. Roma ilipitisha sheria mwaka 204 kabla ya Kristo kuwakataza wasemaji wa mahakamani kupokea zawadi, ikashindikana, na mfalme Klaudio akaishia kuweka kiwango cha juu cha sesterti 10,000. Thoma alikubali ujira, ila uwe wa kiasi, kwa kutazama hali ya mtu, uzito wa kesi, kazi iliyofanyika na desturi ya nchi. Mafakihi walitofautisha ujira wa kazi na jiala, yaani malipo yanayotolewa tu lengo likifikiwa. Tofauti hiyo ina maana hapa. Wakili wa uhamiaji kwa kawaida hulipwa kwa kazi: kiasi maalumu kwa fomu au kwa kesi nzima, au kwa saa. Matokeo yamo mikononi mwa jaji au ofisa, na anayeahidi ushindi anauza kitu asichokimiliki. Mkataba wa maandishi unapaswa kueleza ni kazi ipi imelipiwa. Mteja anayedhani amelipia rufaa kumbe amelipia kikao kimoja ataligundua hilo siku ambayo imebaki kidogo mno kufanya lolote.

Kosa la wakili likitokea, nani alibebe? Hapa fikihi na sheria ya Marekani zinaachana waziwazi. Kwa mafakihi, wakili ni mwaminiwa: akivuka alichotumwa, kitendo chake hakimfungi aliyemtuma, na akizembea analipa. Kwa Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, katika uamuzi wa Velasquez wa mwaka 1986, jambo ambalo wakili amelikubali rasmi mahakamani humfunga mteja, isipokuwa kwa hali za kupindukia. Kwa kawaida hilo hutokea katika kikao cha kwanza, kwa dakika chache: wakili anasomewa madai ya serikali na anakubali au kukana, huku mteja amekaa kando hajui kinachosemwa. Ndicho kile kile ambacho Minhaj ilikataa, yaani kukiri kwa mdomo wa mwingine.

Njia ya kujinasua ipo, iliyowekwa na uamuzi wa Lozada mwaka 1988. Mteja anayedai kwamba wakili wake alimharibia atoe kiapo kinachoeleza walivyokubaliana, amjulishe wakili huyo na kumpa nafasi ya kujibu, na apeleke malalamiko kwa mamlaka ya nidhamu au aeleze kwa nini hakupeleka. Utaratibu una busara yake, kwa kuwa unazuia kila aliyeshindwa kumtupia lawama wakili. Lakini ni vigumu kuufuata bila wakili wa pili. Kwa hiyo mteja na atunze nakala ya kila hati, risiti na ujumbe wa simu tangu siku ya kwanza. Bila hivyo kiapo chake hakitakuwa na cha kukiegemeza.

Limebaki swali la nani anadaiwa. Watafiti Ingrid Eagly na Steven Shafer walichapisha mwaka 2015 uchunguzi wa kesi zaidi ya milioni 1.2 zilizoamuliwa kati ya 2007 na 2012. Waliokuwa na wakili walikuwa asilimia 37, na kwa walioko kizuizini asilimia 14 tu. Waliowakilishwa walishinda mara nyingi zaidi, ingawa haifai kuipachika tofauti yote kwa wakili, kwani mawakili nao huchagua kesi zenye nguvu. Jiji la New York lilianza mwaka 2013 kuwalipia wageni maskini walioko kizuizini gharama ya wakili, na mwaka huo huo mahakama ya shirikisho huko California iliamuru wenye ugonjwa mkubwa wa akili walioko kizuizini katika majimbo matatu wapewe wawakilishi. Kwa mtu mzima mwenye akili timamu, na hata kwa mtoto aliyekuja peke yake, kifungu cha 1952 hakijabadilika.

Kumbukumbu la Torati linakataza kupotoa haki ya mgeni na yatima, na linawaambia Waisraeli sababu: walikuwa watumwa Misri. Mwanafalsafa Hannah Arendt, aliyeishi bila uraia tangu 1937 hadi 1951, alionyesha kwamba aliyepoteza nchi hupoteza kwanza mahali ambapo neno lake lina uzito. Wakili humrudishia mahali hapo kwa muda. Thoma, alipojiuliza kama wakili analazimika kumtetea maskini, alijibu kwa uangalifu: hawezi kulazimika kwa kila maskini, lakini analazimika kwa aliye mbele yake, mwenye shida ya wazi, asiye na mwingine wa kumsaidia. Mtakatifu Ivo wa Bretagne, aliyefariki mwaka 1303 na ambaye mawakili wamemfanya msimamizi wao, alikumbukwa kwa kufanya hivyo hivyo. Wanazuoni wa Kiislamu wangeliita jambo la namna hiyo faradhi ya kutoshelezana: wakilitekeleza baadhi, wengine wamesamehewa; wasipolitekeleza hata mmoja, wote wana deni.

Deni hilo linalipika kwa njia ambayo sheria yenyewe imeiacha wazi. Shirika la dini lisilo la faida linaweza kuomba kutambuliwa na Wizara ya Sheria na kumsomesha mtu wake awe mwakilishi aliyeidhinishwa, bila yeye kuwa wakili. Jumuiya za Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya huko Marekani huchangishana maelfu ya dola kwa siku chache ili kusafirisha maiti nyumbani, na hufanya vyema. Misikiti na makanisa yao yangeweza kuchangishana vivyo hivyo kumpata mwakilishi mmoja anayejua Kiswahili, anayejua saa mbili usiku ni saa ngapi, na ambaye jina lake limo katika orodha ya wizara.